Sauti ya Nyanya kwa Megabaiti Mbili

Faili inaitwa nyanya1.spx. Nilijaribu kuifungua kwa simu, simu ikakataa. Nikaihamisha kwa laptopu, nayo laptopu ikaniuliza niifungue kwa programu gani, kama vile mimi ndiye niliyefaa kujua. Faili ilikuwa kwenye CD iliyokwaruzwa, ndani ya bahasha ya kaki, pamoja na vyeti vya shule vya mjomba wangu aliyekuwa akiendesha saiba mjini miaka ile ya 2000. Mjomba alifariki 2011. Bahasha ilikaa kabatini kwa mama mpaka mwaka jana, binamu yangu alipojifungua na watu wakaanza kutafuta jina.

Nieleze kidogo. Kwetu mtoto huchukua jina la mtu aliyetangulia. Nyanya alikuwa na kaka yake aliyevuka kwenda Uganda kufanya kazi ya reli, akakwenda moja kwa moja. Hakuna mtoto aliyewahi kupewa jina lake, na binamu yangu akasema huyu wake ndiye atalibeba. Sawa kabisa. Lakini jina lenyewe ni lipi? Waliolijua wengi wao tumeshawazika. Mama alichokumbuka ni kwamba mwaka wa 2006 mjomba alimkalisha nyanya karibu na redio kaseti, akamwomba ataje ukoo wote, na nyanya akataja. Kaseti baadaye ilirekodiwa nyimbo za kwaya juu yake. Kilichobaki ni hiyo faili.

Kazi ikaniangukia mimi. Kwa familia yetu mimi ndiye mtu wa kompyuta, cheo nilichopewa nilipoingia chuo na ambacho, ajabu, hakuna aliyeninyang'anya nilipoacha mwaka wa pili. Isitoshe, masikio ndiyo hunilisha. Kati ya makala moja na nyingine huwa nafanya kazi ya kuandika mahojiano yaliyorekodiwa, nalipwa kwa dakika ya sauti. Nimesikiliza watu wakiongea kando ya jenereta, ndani ya matatu, chini ya mabati wakati wa mvua. Nikasema, nyanya mmoja na kaseti yake atanishinda vipi?

Ndani ya CD hiyo mlikuwa pia na faili ndogo ya maandishi. Mjomba aliandika amri alizotumia, nadhani ili asisahau akihitaji kurudia:

sox kaseti.wav -r 8000 -c 1 nyanya1.wav
speexenc -n --quality 2 nyanya1.wav nyanya1.spx

Mistari miwili tu. Nimekaa nayo kuliko nilivyowahi kukaa na kitabu chochote cha chuo.

Programu ya pili, speexenc, haina dirisha wala vitufe. Unaiandikia amri kwenye skrini nyeusi, unabonyeza, inafanya kazi yake kimya kisha inakurudishia mshale. Kazi yake ni kuchukua sauti ya mtu na kuibana kwa kodeki inayoitwa Speex. Na neno kubana hapa linapotosha kidogo, kwa sababu ukibana nguo ndani ya mkoba, ukifika unazitoa zote. Sauti ya mtu ikishapita kwenye speexenc, huitoi ilivyokuwa. Unatoa nyingine inayofanana nayo. Kuelewa jinsi watu walivyofikia wazo hilo, inabidi tuanzie mbali, chini ya bahari ya Atlantiki.

Mwaka wa 1928 mhandisi wa Bell Labs kule Marekani, Homer Dudley, alikuwa akifikiria nyaya za telegrafu zilizolala kati ya Marekani na Ulaya. Nyaya hizo zilibeba nukta na mistari. Sauti ya mtu haikupita humo, ilikuwa pana mno. Dudley akatazama jambo ambalo kila mtu analo usoni mwake: mdomo ni mzito. Sauti inayotoka kooni inatetemeka mamia ya mara kwa sekunde, lakini ulimi, midomo na taya vinavyoigeuza ile sauti kuwa maneno husogea polepole, mara chache tu kwa sekunde. Kwani lazima utume mtetemo? Tuma misogeo, na upande wa pili uwe na mashine ya kutetema kwa niaba yako.

Fikiria umepika chapati Kakamega na dada yako yuko Mombasa. Unaweza kuzifunga kwa gazeti uzitume na basi. Au unaweza kumpigia simu umwambie vikombe vingapi vya unga, maji kiasi gani, moto wa aina gani, naye akapika zake. Dudley alichagua simu. Mashine yake akaiita vokoda.

Ndugu yake mashine hiyo, Voder, ilionyeshwa kwenye maonyesho ya dunia ya New York mwaka wa 1939. Ilikuwa na vitufe kama kinanda, na pedali ya mguu ya kupandisha na kushusha sauti. Aliyeketi pale alikuwa mwanamke aliyefunzwa kwa takriban mwaka mzima ili vidole vyake viweze kusema sentensi moja ya maana. Mimi hupenda kumfikiria huyo mama. Yeye ndiye alikuwa kodeki, kwa mikono yake miwili.

Kisha vita vikaja na vokoda ikaajiriwa jeshini. Mwaka wa 1943 ilizinduliwa SIGSALY, simu ya siri kati ya Washington na London. Mitambo ya upande mmoja ilikuwa na uzito wa zaidi ya tani 50, na ule wa London ulifichwa chini ya duka la Selfridges. Sauti iliyotoka ilieleweka, ila ilikuwa na ule ukavu wa mashine. Wakuu wa majeshi waliridhika na hilo. Walichotaka ni maneno yafike bila adui kuyasikia, na atakayeyasema hata akisikika kama debe, sawa tu.

Tangu hapo, historia yote ya kubana sauti ya mtu ni mabishano juu ya swali hilo moja: nini kifike, na nini tukiache njiani?

Miaka ya 1960 Wajapani wawili wa kampuni ya simu ya NTT, Fumitada Itakura na Shuzo Saito, walikuja na njia ya hesabu. Karibu wakati huo huo Bishnu Atal, mzaliwa wa India, na Manfred Schroeder, Mjerumani, wakaifikia pia kule Bell Labs. Wazo lake ni kwamba sauti haiwezi kuruka popote inapotaka, kwa sababu koo na mdomo ni mabomba yenye umbo fulani, kwa hivyo ukijua ilipokuwa sasa hivi unaweza kukisia itakapokuwa nukta inayofuata. Ni kama yule rafiki anayemaliza sentensi zako. Mara nyingi anapatia. Anapokosea ndipo unamsahihisha, na unachohitaji kutuma ni marekebisho tu.

Ugumu ukawa kwenye marekebisho. Mwaka wa 1985 Schroeder na Atal wakatoa jibu ambalo hadi leo limo ndani ya mamilioni ya simu. Tengeneza kitabu cha misimbo, yaani orodha ya vipande vya mtetemo vilivyo tayari, kila kimoja na nambari yake. Kwa kila kipande kifupi cha sauti ya mtu, jaribu vilivyomo kitabuni kimoja kimoja: kipitishe kwenye mdomo wa hesabu, sikiliza kilichotoka, linganisha na sauti halisi. Kilicho karibu zaidi, tuma nambari yake. Upande wa pili wana kitabu hicho hicho, wanafungua nambari waliyotumiwa wanaipiga. Njia hiyo inaitwa CELP.

Hapa ndipo niliposimama nikaenda kutembea kidogo. Maana yake ni kwamba faili haina sauti ya nyanya. Haina hata chembe yake. Ina maagizo ya jinsi ya kumwigiza, yaliyoandikwa na programu iliyomsikiliza halafu ikajisikiliza yenyewe ikimwigiza, ikijaribu tena na tena, mara 50 kwa kila sekunde aliyoongea.

Na si kazi rahisi hiyo. Schroeder na Atal walipoijaribu mara ya kwanza walitumia Cray-1, kompyuta kubwa iliyosifika dunia nzima wakati huo, na ilichukua zaidi ya dakika mbili kusimba sekunde moja ya maongezi. Dakika 40 za nyanya zingekula siku tatu na zaidi za mashine hiyo. Miaka 20 hivi baadaye mjomba alizisimba kwa kompyuta ya saiba iliyokuwa imekwisha miguu.

Lakini kati ya Cray na saiba kulikuwa na ukuta mwingine, na huu haukuwa wa hesabu. Njia nzuri za kubana sauti zilikuwa na wenyewe. Zilikuwa na hataza, na ukitaka kuziweka ndani ya programu yako ulilipa leseni. Kwa kampuni ya simu hilo si neno. Kwa mwanafunzi, au kwa mtu anayegawa programu yake bure, hapo safari imeisha.

Si kwamba hakuna aliyejaribu. Mwaka wa 1992 Jutta Degener na Carsten Bormann, wakiwa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Berlin, waliandika kwa ukamilifu kodeki ya simu za GSM, ile ya kilobiti 13 kwa sekunde, wakaiachilia kwa yeyote aitakaye. Programu yao ya mstari wa amri waliiita toast, kama mkate wa kubanikwa. Ya kurudisha sauti ikaitwa untoast. Nawapenda watu wanaofanya kazi kubwa hivyo kisha wakaipa jina la kiamshakinywa. Ila kodeki ya GSM iliundwa mwishoni mwa miaka ya 1980, na kufikia mwaka 2000 kulikuwa na nyingine kali zaidi. G.729, iliyotoka 1996, ilitoa sauti safi kwa kilobiti nane tu. Ilikuwa na hataza kila upande.

Sasa angalia hii. Moja ya mbinu kuu ndani ya G.729, aina ya kitabu cha misimbo inayoitwa ACELP, ilizaliwa Chuo Kikuu cha Sherbrooke, mkoa wa Quebec, Kanada. Ada za leseni zilikuwa riziki nzuri kwa upande huo. Na ni Sherbrooke hiyo hiyo ambako kijana aitwaye Jean-Marc Valin alikuwa akisoma, akamaliza shahada ya kwanza 1999, ya uzamili 2001, na uzamivu 2005. Katikati ya masomo hayo, mwaka wa 2002, akaanza kuandika kodeki ya maongezi ambayo haitamdai mtu hata senti. Akarudi kwenye CELP ya msingi na kukwepa ACELP iliyovumbuliwa kwao wenyewe. Ni kama mtoto wa mwenye matatu kuamua kubeba abiria bure kwa baiskeli kwenye barabara ile ile.

Hiyo ndiyo Speex. Ikaingia chini ya mwavuli wa Xiph.Org, wakfu uliokuwa tayari umetoa Ogg Vorbis kwa ajili ya muziki, na toleo la 1.0 likatoka Machi 2003. Leseni yake ilimruhusu kila mtu: itumie, ibadilishe, iuze ukitaka. Valin hakuilenga simu ya mkononi. Aliilenga intaneti, ambako vipande vya data hufika au hupotea kabisa, kwa hivyo Speex ilifundishwa kuvumilia kipande kikipotea njiani. Pamoja nayo zilikuja programu mbili ndogo, speexenc ya kusimba na speexdec ya kusimbua, ili mtu asiye mhandisi naye aweze kuitumia. Mtu kama mjomba.

Kwa nini mjomba aliihitaji? Fanya hesabu nami. Dakika 40 za kaseti, zikiingizwa kwenye kompyuta kwa kiwango cha kawaida cha CD lakini kwa mkondo mmoja, zinakuwa megabaiti 212 hivi. Shangazi yangu alikuwa Marekani na alitaka kumsikia mamake. Mwaka wa 2006 Kenya haikuwa na waya hata mmoja wa intaneti wa chini ya bahari. SEACOM ilifika Mombasa Julai 2009. Kabla ya hapo kila herufi ya barua pepe yako ilipanda kwenye setilaiti, na bei yake ilipanda nayo. Saiba ya mjomba, ikiwa na bahati, ilisukuma kama kilobaiti tano kwa sekunde, na wateja sita wakigombania. Megabaiti 212 kwa mwendo huo ni karibu saa 12, kama stima haijapotea. Pale stima ilikuwa inapotea.

Ndiyo maana ya mstari wa kwanza, ule wa sox. Hapo mjomba alipunguza sampuli hadi 8000 kwa sekunde, na faili ikashuka hadi megabaiti 38. Kisha speexenc. Herufi -n inaiambia itumie hali ya masafa membamba, yaani upana wa simu ya kawaida. Angeandika -w angepata masafa mapana, sampuli 16,000. Na --quality ni nambari kutoka 0 hadi 10. Usipoandika chochote, programu yenyewe huchagua 8, ambayo kwa masafa membamba ni kilobiti 15 kwa sekunde. Mjomba aliandika 2. Hiyo ni kilobiti 5.95. Faili ikatoka chini ya megabaiti mbili. Ikaenda kwa shangazi kwa dakika saba hivi.

Shangazi anasema alilia siku hiyo. Yeye hakuona kasoro yoyote. Alimsikia mamake.

Mimi nilisikia kasoro. Niliweka programu ya speexdec, nikaandika amri, ikanijibu kwa mstari mmoja kwamba inasimbua sauti ya hezi 8000 kwa hali ya masafa membamba. Nikavaa spika za masikioni. Nyanya akaanza kuongea. Sikumkumbuka hivyo. Kicheko chake kipo, na ile tabia yake ya kuvuta pumzi kabla ya kutaja marehemu ipo, lakini ni kana kwamba anaongea akiwa amejifunika leso mdomoni. Akataja babake, mamake, dada zake wanne. Dakika ya 23 akamtaja kaka yake wa Uganda. Mara moja tu, na hakurudia.

Jina linaanza na S. Au F.

Nikarudisha. S. Nikarudisha tena. F, wallahi. Nikamwita mama, akasema S bila kusita, halafu akasema ngoja, rudisha. Binamu akasema F. Jina lenyewe silitaji hapa, lakini kwa lugha yetu yote mawili ni majina ya kweli, na ni ya watu tofauti wenye maana tofauti. Moja ni la mtu aliyezaliwa msimu wa njaa.

Ninyi wenyewe mnalijua tatizo hili, mnakutana nalo kila wiki. Unampigia mtu kumtajia jina la mwenye nambari ya simu, anakuuliza, "S ya Samuel ama F ya Francis?" Hilo si tatizo la masikio yake. Makampuni ya simu yaliamua zamani sana kwamba sauti kati ya hezi 300 na 3400 inatosha watu waelewane. Irabu zote zinakaa humo vizuri. Lakini mlio wa S, ule wa nyoka, nguvu zake nyingi ziko juu ya hezi 4000, hasa kwa wanawake. F nayo ni hewa tupu, dhaifu, imetawanyika. Ukikata kila kilicho juu ya 4000 zinabaki hewa mbili zinazofanana. Vivyo hivyo ndivyo samani na thamani zinavyokuwa neno moja kwenye simu. Kwenye sentensi unapambanua kwa muktadha. Jina halina muktadha.

Na sampuli 8000 kwa sekunde haziwezi kubeba chochote kilicho juu ya hezi 4000. Ndiyo hesabu yake, huwezi kuikwepa. Kwa hivyo nilipokuwa nimeshaanza kuilaumu Speex na ile nambari 2, nikagundua kwamba naionea. Herufi ilipotea kwenye mstari wa kwanza, wa sox, kabla Speex haijagusa kitu. Speex ilipokea nyanya ambaye tayari ameshakatwa, ikajitahidi kumwigiza kwa biti 119 kila sehemu ya hamsini ya sekunde. Biti 119 ni herufi 17 za ujumbe mfupi. Kwa kiasi hicho, kwamba hata kicheko kimefika, ni kazi safi.

Mjomba naye simlaumu. Angeweka -w na nambari 8 shangazi asingepata kitu, na pengine faili ingekuwa ile ya kwanza kufutwa diski ilipojaa. Tungekuwa na S safi kabisa ya sauti isiyokuwepo.

Speex yenyewe haikuishi sana baada ya hapo, ingawa ilifika mbali. Mnamo Novemba 2011 wahandisi wa Applidium, kampuni ya Ufaransa, walichunguza jinsi Siri ya iPhone 4S inavyotuma sauti ya mtumiaji kwa seva za Apple. Walikuta Speex. Simu ya bei ile, na ndani yake kodeki ya bure ya mwanafunzi wa Sherbrooke. Mwaka uliofuata, Septemba 2012, ilitoka Opus, iliyoandikwa na Valin huyo huyo pamoja na Koen Vos wa Skype na Timothy Terriberry. Opus inashika kuanzia kilobiti 6 hadi 510, maongezi na muziki, bila ada. Xiph wenyewe wakatangaza kwamba Speex imepitwa na wakati, watu wahamie Opus. Ni nadra kumwona fundi akiipeleka kaburini kazi yake mwenyewe hivyo na kuendelea na shughuli zake.

Opus unayo. Zile sauti za WhatsApp unazotumiwa na shangazi zako, dakika nne kila moja, ukifungua folda yake kwa simu utaona zinaishia na .opus. Hakuna aliyeandika amri yoyote, hakuna aliyechagua nambari. Kuna mtu fulani aliyewachagulia nyote mara moja, ofisini, na labda alichagua vizuri. Nakiri kuna kitu nakikosa hapo. Mjomba alijua alichokuwa akiacha. Aliandika mwenyewe: 2.

Rafiki yangu mmoja alinishauri nipitishe faili kwenye moja ya hizi programu mpya za akili unde zinazorejesha sauti mbovu. Nilijaribu. Nyanya alitoka safi, ungedhani alikuwa studio. Na jina likatoka na S kali, inayokata kama kioo. Nilifurahi kwa dakika kama mbili. Kisha nikakumbuka kwamba juu ya hezi 4000 hakuna kitu kwenye faili. Hiyo S programu haikuisikia popote. Iliitunga, kutokana na sauti za watu wengine ilizofunzwa nazo, na sidhani kama kati yao kulikuwa na bibi wa kwetu anayetaja marehemu. Nikaifuta hiyo nakala. Sikumwonyesha hata mama, maana angeiamini.

Kwenye kazi yangu, neno lisilosikika huliandiki kwa kukisia. Unaweka alama, haisikiki, pamoja na dakika na sekunde, unaendelea. Mteja akija juu unamwambia arudie mahojiano. Sasa nyanya nitamrudia vipi?

Mwezi wa Desemba tukaenda nyumbani, mimi na binamu na mtoto mgongoni. Ng'ambo ya mto kuna mama mmoja mzee sana, walikuwa wakichota maji pamoja na nyanya wakiwa wasichana. Tulimpelekea sukari na majani chai. Alimshika mtoto, akamgeuza huku na huku, akasema ana masikio ya upande wetu. Tukamuuliza kuhusu kaka wa Uganda. Alimkumbuka mara moja. Alituambia jinsi alivyokuwa akitembea, deni aliloacha, hata wimbo aliokuwa akipiga mluzi. Mimi nilikuwa nimeweka simu mbele yake, inarekodi kwa kiwango cha juu kabisa kinachowezekana, sampuli 48,000.

Binamu akamwomba, "Mama, hebu litaje jina lake tulisikie."

Akalitaja. Meno ya mbele hana hata moja.

Tukamwomba arudie, akarudia, hewa ikapita ilivyotaka. Tukamuuliza ni kama S ya sukari au F ya figo, akatuangalia kwa huruma, akasema yeye hakusoma, hayo ya herufi tuwaulize waliosoma. Kisha akacheka mpaka mtoto naye akacheka.

Kwenye cheti cha kuzaliwa binamu ameandika S. Nyumbani mama humwita kwa F, na mtoto huitika yote mawili.